Kupima hewa ya tangi upya baada ya mapumziko
Kipimo cha hewa kilichochukuliwa asubuhi hakitoshi kuwarudisha mafundi ndani ya tangi baada ya mapumziko. Hewa hupimwa upya kabla ya kila kuingia, na kifaa huendelea kuipima muda wote wa kazi. Hewa ya humo hubadilika hata pasipo mtu kugusa kitu, kwa kuwa kutu ya kuta za chuma hula oksijeni polepole, na tope la chini likikorogwa kwa koleo huachia salfidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu, nzito kuliko hewa, ambayo kipimo cha mlangoni kinaweza kuikosa kabisa, ndiyo maana mrija wa kupimia hushushwa hatua kwa hatua hadi sakafuni. Kanuni za OSHA, mamlaka ya Marekani ya usalama na afya kazini, zinataka oksijeni ipimwe kwanza, kisha gesi zinazowaka, mwisho zenye sumu, nazo huihesabu hewa kuwa hatari oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5 au ikizidi asilimia 23.5 ya hewa. Mpangilio huo si urasimu, maana vifaa vingi vya kupima gesi zinazowaka hutoa namba za uongo oksijeni ikiwa haba. Viwango vya nchi nyingine vinaweza kutofautiana, kwa hiyo fuateni namba zilizoandikwa kwenye kibali chenu cha kuingia tangini.