Maswali ya wiki: opitimaiza yako inafuta nini hasa?

Naona wiki hii kila mtu anajitengenezea opitimaiza, yaani programu ya kufupisha skripti bila kubadili kazi yake, ya mlog, ile lugha ya prosesa za gemu la Mindustry. Haya twende.

Kaka, skripti imeshuka toka mistari 90 hadi 61 ila poly wangu, zile droni za kwenye gemu, wanazunguka tu. (Tegeta)

Namba za jump hizo. Mara ya ngapi jamani? Jump ya mlog, amri ya kurukia mstari mwingine, inataja namba ya mstari, inahesabu toka 0, we umefuta mstari wa 12 basi kila jump iliyolenga chini ya hapo inatua pasipo pake. Ukisoma faili tu geuza namba ziwe lebo, yaani majina ya mistari, kata unavyotaka, namba zirudishe mwishoni kabisa.

Kwa nini nisifute set ya mwisho, ile amri ya kuipa variabo thamani, wakati chini yake hakuna anayeisoma? (Mbagala)

Kwa sababu anayeisoma yuko juu. Skripti ya mlog haifi, ikimaliza inarudi mstari wa 0 na variabo zimebaki na thamani zake vilevile, ni kama daladala, ikifika mwisho wa ruti inageuza na mzigo uliousahau chini ya siti bado umo. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya variabo ipi bado inahitajika, mstari unaofuata ule wa mwisho ni wa 0. Na ukikuta mtu anaandika kwenye @counter, variabo inayoshika namba ya mstari unaofuata, achana na faili zima, hiyo ni jump ambayo huoni inaenda wapi. Sensor nayo, amri ya kusoma hali ya kitu kama kontena, usiunganishe mbili eti zinafanana, katikati hapo kontena limeshajaa.

Jump inayoruka jump, naweza kugeuza sharti nibaki na moja?

Ndiyo, ila sharti la strictEqual, la kulingana kabisa hadi aina ya thamani, usiiguse, haina kinyume chake.

Mistari ikipungua si inakimbia zaidi? (Sinza)

Si lazima, na hapa ndo mnaponichosha. Prosesa ndogo inapiga amri 120 kwa sekunde, ya kati 480, hyper 1500. Lupu ya mistari 12 kwenye ndogo inazunguka mara 10 kwa sekunde, ikifika 8 inazunguka 15, hiyo ndo faida. Mi nilishakesha nafupisha mistari 30 inayopita mara moja tu mwanzoni, huku op moja ya bure, amri ya hesabu, imekaa ndani ya lupu inanicheka. Kikomo ni mistari 1000, wengi wenu hamfiki hata robo, sasa mnabana nini?

Haifanyi kazi, nisaidie.

Nini haifanyi kazi?

Sijasoma kompaila, nianzie wapi? (Kigamboni)

Anza na mistari miwilimiwili. Ukiona `op add t a b` halafu `set x t`, fanya `op add x a b`, ila hakikisha t haisomwi kwingine, na huko juu pia, nimeshasema inageuza, na kusiwe na jump inayotua kwenye hiyo set. Halafu kabla hujatamba, skripti ya zamani na mpya kila moja iandike majibu kwenye memory cell yake, kile kisanduku cha kutunzia namba, zina nafasi 64, linganisha moja moja.