Re: Uji wa ulezi badala ya dripu?

Mkuu, umeuliza kama mama anaweza kuacha dripu za saratani abaki na uji wa ulezi. Hapana, asiache. Ila ulichosikia hakikutoka hewani: ganda la ulezi na pumba za mahindi vina asidi ya feruliki (kemikali ya asili ya mimea), na maabara zimeona ikipunguza kasi ya seli za saratani. Shida ni kwamba hizo ni seli za kwenye kisahani cha maabara, na panya, si watu. Kwenye mahindi asidi hiyo imeshikana na nyuzi za pumba, bakteria wa utumbo mpana ndio huifungua. Sembe imeshaiacha mashineni, kwa hiyo apikiwe dona. Na msimpe mbege eti ina ulezi (hapa Moshi hakosekani wa kusema hivyo), pombe yenyewe husababisha saratani.