Jibu: Picha za kamera ya mkandani zina ukungu, anza na taa

Mkuu, umesema kamera yenu hapo Ilemela inakagua minofu ya sangara ikipita kwenye mkanda wa kusafirishia, ila picha zina ukungu, hii nyeusi ile nyeupe, na mara mnofu unatokea nusu. Fundi anataka mnunue kamera ya bei kubwa. Msinunue kwanza. Nimefunga hizi kamera kwenye viwanda vya samaki hapa Mwanza, na mara nyingi kamera haina kosa.

Ukungu ni hesabu tu. Mkanda ukienda mita 0.5 kwa sekunde na shata (kile kinachofungua na kufunga mwanga wa kuingia kwenye kamera) ikakaa wazi milisekunde 10, mnofu unasogea milimita 5 wakati picha inachukuliwa. Kamera inayoona upana wa milimita 400 kwa pikseli (nukta za picha) 2,000, kila pikseli ni milimita 0.2, kwa hiyo ili mnofu usisogee zaidi ya pikseli moja, shata isizidi maikrosekunde 400, yaani milisekunde 0.4. Mimi huanzia 200. Hakikisha pia shata yake inachukua picha nzima kwa mpigo, si mstari kwa mstari, maana hiyo ya mistari itakupindishia mnofu.

Hapo picha itakuwa giza, na ndipo wengi wanapokimbilia kuongeza geini, yaani kamera kuikuza ishara ya picha kwa umeme. Geini inaleta chenga, na alama ndogo ya damu inapotelea humo humo. Ongeza mwanga. Tena si taa za dari: umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi za kawaida zinapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata fupi inadaka kipande kimoja tu cha wimbi hilo, ndiyo maana picha zako hii inatoka nyeusi ile nyeupe. Funga taa ya LED inayomulika kwa amri ya kamera yenyewe, pale tu shata inapofunguka. Kwa kuwa inawaka kidogo sana, unaweza kuipa mkondo mkubwa kuliko ikiwaka muda wote, ndani ya kiwango alichoandika mtengenezaji. Kama unatafuta damu na kamera ni ya nyeusi na nyeupe, chukua LED ya kijani; damu inatoka nyeusi kabisa.

Mng'ao wa maji juu ya mnofu unapunguzwa na vichujio vya polaraizi (vinavyopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu), kimoja kwenye taa, kingine kwenye lenzi kikiwa kimezungushwa nyuzi 90. Vinakula mwanga mwingi, uhesabu mapema.

Mnofu kutokea nusu ni shida ya triga, yaani ishara inayoiamuru kamera ipige picha. Usipitishe ishara ya sensa (kifaa kinachohisi mnofu umefika) kwenye kompyuta, inachelewa leo hivi kesho vile. Waya wa sensa uende moja kwa moja kwenye kamera. Mkanda ukilemewa na mzigo kasi inashuka, hivyo usiisubirishe kamera kwa milisekunde, weka enkoda (kifaa kinachopima mkanda umesogea kiasi gani) ihesabu umbali. Na waya huo usilale pamoja na wa mota ya inveta (kifaa cha kurekebisha kasi ya mota), umeme wake utaifyatua kamera ovyo upate picha za mkanda mtupu.

Ukishafunga taa na kufupisha shata, zima LED upige picha moja saa tisa alasiri, jua likiwa dirishani. Isipotoka nyeusi tii, funika eneo la kamera kwa boksi, kisha tuwekee picha hapa.