Maswali ya Wasomaji: "Cha Umma", lakini umma upi?

Barua za safari hii zimetoka Pemba na Unguja, na takriban zote zinauliza juu ya vyuo vikuu vya umma vya Marekani vilivyoanzishwa kwa ajili ya Watu Weusi. Tumezifupisha.

Wasio Weusi hawaingii?

*Assalaam alaykum. Niko kidato cha sita. Mwalimu alitutajia North Carolina A&T, akasema ni chuo cha kihistoria cha Watu Weusi. Je, ni cha Weusi peke yao? Na kwa nini kinaitwa cha kihistoria? Mwanafunzi, Chake Chake.*

Waalaykum salaam. Mlangoni haulizwi mtu rangi. "Kihistoria" hapo ni neno la kisheria: sheria ya elimu ya juu ya Marekani ya 1965 inavitambua vyuo vilivyoanzishwa kabla ya 1964, ambavyo kazi yake kuu ilikuwa kuwasomesha Wamarekani Weusi. Kwa hivyo chuo kinachofunguliwa leo hakiwezi kuingia katika orodha hiyo, hata kama wanafunzi wake wote ni Weusi. Na kinyume chake kipo: Bluefield State cha West Virginia wanafunzi wake wengi ni Wazungu, na bado kimo.

Vya umma vina asili yake. Mwaka 1862 serikali kuu ya Marekani iliyapa majimbo ardhi ya kuuza ili yajenge vyuo vya kilimo na ufundi. Majimbo ya Kusini yakavijenga na kuwafungia mlango Weusi. Sheria ya pili, ya 1890, ikayapa uchaguzi: ama mpokee wanafunzi bila kujali rangi, au muwajengee Weusi chuo chao. Mengi yakachagua la pili. A&T ya Greensboro ilianzishwa 1891, na herufi zake ni za kilimo na ufundi. Alcorn State ya Mississippi ilikwishatangulia, tangu 1871.

Kazi ile haijabadilika sana: kumchukua kijana ambaye mara nyingi ni wa kwanza katika ukoo wake kufika chuoni na kumtoa mhandisi, mwalimu, muuguzi au bwana shamba. Ronald McNair, mwanafizikia aliyekwenda anga za juu, alipata shahada yake ya kwanza A&T mwaka 1971. Vyuo hivi pia vina kazi ya ugani, yaani wataalamu wake huwafuata wakulima wadogo mashambani. Anayetaka kusomea kilimo na kurudi kwenye mikarafuu asiidharau sifa hiyo.

Wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza wa A&T ndio waliokaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, iliyokuwa ya Wazungu peke yao, tarehe 1 Februari 1960 wakakataa kuondoka, na migomo ya namna hiyo ikaenea Kusini kote. Sanamu yao imo ndani ya chuo. Karibu zaidi na kwetu, Kwame Nkrumah, ambaye kampasi ya Beit el Ras ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina jina lake, alipata shahada mwaka 1939 katika chuo kingine cha kundi hili, Lincoln cha Pennsylvania. Wakati huo kilikuwa cha binafsi. Kilijiunga na mfumo wa jimbo mwaka 1972.

Cha serikali, mbona ghali?

*Mwanangu amekubaliwa na amepewa ufadhili wa ada. Tulifurahi, lakini karatasi waliyoleta inataka tuonyeshe fedha nyingi benki. Si chuo cha umma hiki? Mzazi, Wete.*

Neno "umma" limewaponza wengi, mzee wetu. Umma unaokusudiwa ni walipa kodi wa jimbo lile. Mtoto wa North Carolina anasoma North Carolina kwa ada ya mkaazi. Anayetoka nje ya jimbo, awe wa New York au wa Wete, anatozwa ada ya juu zaidi. Ruzuku na mikopo ya serikali kuu yao haimhusu mgeni. Kilichobaki kwake ni ufadhili wa chuo chenyewe, hasa wa alama nzuri, na wafadhili wengine.

Sasa isomeni barua ya ufadhili kwa kalamu mkononi. Gharama ya mwaka ina mafungu: ada, ada ndogondogo za chuo, dakhalia, mpango wa chakula, bima ya afya, vitabu na matumizi binafsi. Tuseme, kwa mfano tu, jumla ni dola 38,000 na barua inasema "ufadhili wa ada yote", na ada hiyo ni dola 21,000. Zimebaki 17,000, na kila mwaka zitakuwapo. Chuo hakitatoa fomu ya I-20, ambayo ndiyo msingi wa viza ya mwanafunzi, mpaka muonyeshe fedha za mwaka wa kwanza. Taarifa ya benki iliyojazwa ghafla wiki moja kabla huzaa maswali, kwani afisa hutazama fedha zimetoka wapi na zitaendelea vipi mwaka wa pili.

Ulizeni chuo mambo matatu kwa maandishi. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne? Ni GPA gani, yaani wastani wa alama, inayoushikilia? Na ada ikipanda, ufadhili nao unapanda? Hili la tatu ndilo wazazi husahau, na ndilo linalowarudisha watoto wakiwa mwaka wa tatu.

Msimtegemee kufanya kazi. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anaruhusiwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Zinatosha sabuni na vocha.

Kuhusu viza yenyewe: masharti kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika. Kabla ya kulipa ada ya aina yoyote, someni tangazo la sasa la ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Wakala anayeahidi "viza ya uhakika" anaahidi kisicho chake.

Na majina! Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne Hamisi, pasi ina majina mawili badala ya matatu. Huku tunaelewana, lakini kompyuta ya chuo inaona watu watatu. Sawazisheni kabla ya maombi, pamoja na kiapo cha kisheria panapohitajika. Kurekebisha baada ya I-20 kutoka kunakula wiki nyingi.

Wakati gani wa kuomba?

*Msomaji, Kwa Mtipura.*

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo ni Julai, na muhula wa kwanza kule unaanza Agosti. Kwa hivyo Agosti ya mwaka uleule sahau. Ombeni kati ya Oktoba na Februari kwa ajili ya Agosti inayofuata, na miezi ya kati itumieni kwa mtihani wa Kiingereza na tathmini ya vyeti. Anwani za mtandao za vyuo vya huko huishia kwa .edu. Barua ya "chuo" inayotoka kwenye anwani ya kawaida ya bure, ifuteni.

Jambo moja la kuharakisha ni amana ya dakhalia. Vyumba havitoshi, na sababu yake ni kongwe: mwaka 2023 serikali kuu ya Marekani iliwaandikia magavana wa majimbo 16 ikiwaambia kwamba vyuo vyao vya Weusi vya ardhi, yaani vya kilimo na ufundi tulivyovieleza juu, vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 kati ya 1987 na 2020, vikilinganishwa na vyuo vya Wazungu vya aina hiyohiyo. Fedha hizo zingejenga mabweni. Anayechelewa kulipa amana hutafuta chumba mtaani, na mtaani hakuna basi la chuo kila saa.

GPA inahesabiwaje?

*Nimesikia mtu anaweza kufaulu mitihani yote na bado akanyang'anywa ufadhili. Inakuwaje? Mwanafunzi, Tunguu.*

Inakuwa hivi. Kila somo lina uzito wake, unaohesabiwa kwa krediti. Shahada nyingi ni krediti 120, yaani 15 kila muhula kwa mihula minane. A ni pointi 4, B 3, C 2, D 1, F 0. Unazidisha pointi kwa krediti za somo, unajumlisha, kisha unagawa kwa krediti zote.

Chukua muhula huu: kalkulasi krediti 4, umepata C, pointi 8. Kemia krediti 4, B, pointi 12. Kiingereza 3, A, pointi 12. Historia 3, B, pointi 9. Semina ya wanafunzi wapya 1, A, pointi 4. Jumla 45, gawa kwa 15: GPA 3.0 kamili. Ufadhili mwingi unadai hiyo 3.0, kwa hivyo umepona kwa unywele. C ile ingekuwa D, jumla ingekuwa 41 na GPA 2.73. Umefaulu kila kitu, ufadhili umekwenda.

Aliyezoea kukesha kwa mtihani wa mwisho ndiye anayeumia zaidi. Kule mtihani huo huweza kuwa robo tu ya alama. Zilizobaki ni majaribio ya kila wiki, kazi za nyumbani, maabara na pengine mahudhurio. Mgawanyo huo umeandikwa kwenye karatasi ya somo inayotolewa siku ya kwanza. Isome kabla ya kununua kitabu.

Halafu kuna mtego unaofanana na msaada. Kalkulasi imekushinda, rafiki anakwambia uiache, utapata W, alama ya aliyejitoa somoni, badala ya F. Ni kweli W haiingii kwenye GPA. Lakini 15 utoe 4 ni 11, na mwenye F-1 lazima abaki na krediti 12 kwa uchache. Ukiiacha bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, umevunja masharti ya viza siku hiyohiyo. Rafiki yako Mmarekani hilo halimgusi, ndiyo maana halijui. Pia hesabu somo moja tu la mtandaoni katika hizo 12.

Binti, dakhalia na Ramadhani

*Naogopa chakula na funga. Mama, Mkoani.*

Chuo cha umma hakiwezi kumlazimisha mtu ibada ya dini yoyote. Vya binafsi, vingine vikiwa na asili ya kanisa, ni vya kuulizwa kimoja kimoja. Binti aombe jengo au ghorofa ya wasichana peke yao, na aulize saa za wageni.

Chakula cha Kusini kina hila yake. Mboga za majani na maharage, ambavyo mtoto wetu angevidhani salama, mara nyingi hupikwa na kipande cha nguruwe wa moshi ili kupata ladha. Aulize kimepikwa na nini. Kutazama hakutoshi.

Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia muhula wa pili, na mchana wa Februari huko ni mfupi kuliko wa Pemba. Tatizo ni ukumbi wa chakula, ambao hufungwa usiku na haufunguliwi alfajiri. Wiki mbili kabla aandikie ofisi ya chakula aombe kufungiwa daku, kwani milo ya kadi isiyoliwa kwa kawaida huisha na wiki. Jumapili ya pili ya Machi saa inasogezwa mbele kwa saa moja, kwa hivyo futari nayo inaruka. Kabla ya hapo, akiwa majimbo ya mashariki, daku yake ya saa 11 alfajiri ni saa 7 mchana kwako, wakati mzuri wa kumpigia.

Jiko la umeme chumbani kwa kawaida ni marufuku. Chetezo nacho pia, Bi Mkubwa: moshi wa udi utawasha king'ora na jengo zima litatolewa nje, kwenye baridi. Mpe manukato ya kupaka.

Kweli bendi ni muhimu kuliko mpira?

*Kijana, Micheweni.*

Karibu ni kweli, kwa bendi za vyuo hivi. Mapumziko yakifika watu hukaa vitini, na mechi ikisha bendi mbili hubaki zikishindana, kama beni zilivyokuwa zikitambiana hapa zamani. Ile ya Florida A&M, Marching 100, ilipelekwa Paris mwaka 1989 kwa sherehe za miaka 200 ya mapinduzi ya Ufaransa. Kupiga humo ni kazi ya kila jioni, na mara nyingi ina ufadhili wake. Kama unapuliza tarumbeta vizuri, liandike kwenye maombi.