Risala ya wahitimu: kuandika miaka minne ya darasa zima isomwe kwa dakika saba

Risala nyingi za mahafali ya kidato cha nne huandikwa na mtu mmoja usiku wa kuamkia sherehe, kwa kunakili ya mwaka uliopita na kubadilisha jina la mgeni rasmi. Dalili zake hazifichiki. "Milima na mabonde" iko aya ya pili, zinafuata changamoto kumi na mbili mfululizo, na wazazi wanaanza kutazama saa. Ni hasara kubwa, maana hakuna siku nyingine ambapo darasa zima linapewa kipaza sauti lieleze liliishije shuleni, mbele ya wazazi, bodi na kiongozi mwenye uwezo wa kusaidia.

Tanzania, mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba na mahafali mengi huwa Septemba au Oktoba. Kazi ya risala basi ianze shule zinapofunguliwa Julai, kabla mitihani ya majaribio haijabana. Kidato cha sita, ambao mtihani wao ni Mei, waanze Januari. Undeni kamati ya watu sita: angalau mmoja kutoka kila mkondo, wavulana na wasichana, wa bweni na wa kutwa kama shule ina wote. Kaka mkuu na dada mkuu si lazima wawemo. Mara nyingi wao ndio waliokaa mbali zaidi na maisha ya nyuma ya darasa. Kamati ikusanye, lakini mwandishi wa mwisho awe mmoja. Risala ya waandishi watatu husikika hivyo hivyo, kama watu watatu wanaopokezana.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Kateni A4 vipande vinne, kila mhitimu apate kimoja, ajibu maswali matatu bila kuandika jina:

Kitu gani tulikikuta hapa ambacho kidato cha kwanza wa sasa hawajakiona?
Nani, asiye mwalimu, alikusaidia ukabaki shuleni?
Siku gani darasa letu lilifanya jambo kwa pamoja?

Msiulize "unakumbuka nini?" Swali hilo huleta "upendo na ushirikiano" kwenye karatasi mia. Maswali yenye kona huleta mpishi aliyemwekea chakula mgonjwa aliyechelewa bwaloni, mlinzi aliyefungua darasa saa kumi alfajiri ili watu wajisomee, kisima kilichokauka, madawati yaliyobebwa kichwani kutoka barabarani. Zikusanyeni, zipangeni mafungu juu ya meza, mwone lipi limetajwa na wengi. Jambo lililotajwa na watu 30 lina haki ya kuingia hata kama kamati haikulipenda.

Sambamba na hilo, choreni mstari wa miaka. Wanaohitimu kidato cha nne 2026 walianza Januari 2023 na kufanya upimaji wa kidato cha pili mwishoni mwa 2024. Wanaohitimu kidato cha sita 2026, kama hawakurudia darasa popote, walianza kidato cha kwanza Januari 2020, na Machi mwaka huo shule zikafungwa kwa ajili ya korona hadi mwishoni mwa Juni. Darasa hilo lilirudishwa nyumbani kabla halijazoea hata mstarini. Jambo la namna hiyo halipaswi kukosekana. Vivyo hivyo shule za Rufiji hazina haja ya kutafuta tukio la mbali wakati mafuriko ya Aprili 2024 yalifika mlangoni.

Sasa takwimu, mahali ambapo risala nyingi huaibika. Mgeni rasmi akisikia "tulianza 142 na leo tunahitimu 125", swali la kwanza kichwani mwake ni wale 17 wako wapi. Jibu liwemo. Nendeni kwa mwalimu wa taaluma mkaombe kupitia rejista ya uandikishaji na ya mahudhurio, kisha mjaze safu hizi: walioandikishwa kidato cha kwanza, waliohamia kwetu, waliotukuta kwa kurudia kidato cha pili, waliohama, waliobaki nyuma kurudia, walioacha, waliofariki. Jumlisheni na kutoa mpaka hesabu ikae. Kwa mfano: 142, ongeza 9 waliohamia na 4 waliotukuta, toa 14 waliohama, 5 waliobaki nyuma, 10 walioacha na 1 aliyefariki, wanabaki 125. Kisha gawanyeni kijinsia, wasichana 67 na wavulana 58, mhakikishe jumla ni ile ile. Kosa la kawaida ni kuchukua idadi ya waliosajiliwa kufanya mtihani na kuiita idadi ya wahitimu. Usajili hufungwa miezi mingi kabla, na baadhi ya waliosajiliwa huwa wameshaacha kuja.

Hapo kwenye walioacha, kuweni waangalifu na wenye huruma. Semeni sababu kwa mafungu, kamwe si kwa majina: umbali, utoro, kazi, ujauzito. Tangu mwishoni mwa 2021 wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurejea shule za serikali. Kama kuna mwenzenu aliyerejea, yeye ni mhitimu kama wengine na historia yake si ya kusomwa hadharani. Kwa marehemu, ombeni ruhusa ya familia kabla ya kutaja jina, mkubaliane pia kama watahudhuria. Mzazi asishtukizwe na jina la mwanawe kwenye spika.

Kuhusu urefu, dakika saba zinatosha. Kwa mwendo unaosikika uwanjani mtu husoma maneno 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo risala iwe na maneno 700, yaani kurasa tatu za A4 kwa herufi za ukubwa wa 14 na nafasi ya mstari mmoja na nusu. Mgao unaofaa ni huu: salamu na itifaki maneno 60, safari ya darasa pamoja na takwimu 280, mafanikio 100, changamoto na maombi 160, shukrani 100. Salamu ndizo hula muda. Mtajeni mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzenu, halafu "itifaki imezingatiwa". Basi.

Sehemu ya safari ndiyo moyo wa risala. Badala ya "tulikuta uhaba wa vyumba vya madarasa lakini hatukukata tamaa", andikeni: "Tulipoingia kidato cha kwanza tulikuwa mikondo minne na vyumba vitatu. Mkondo wa D ulisomea chini ya mwembe mpaka mvua za Machi, ukahamia bwaloni." Sentensi hizi hazilalamiki wala hazisifu, na mzazi aliyechangia tofali anajitambua ndani yake bila kutajwa. Kila mnapoona neno "changamoto", jiulizeni ni kitu gani hasa, mkiandike hicho.

Maombi yawe mawili, yasizidi. Orodha ya kumi humpa mgeni nafasi ya kuchagua jepesi, na jepesi huwa ni mpira na jezi. Ombi lije na kipimo. Kiwango cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 15. Ikiwa nayo 6, ombi ni matundu 9, pamoja na makisio ya fundi yaliyopitiwa na ofisi ya mkuu wa shule. Hilo linajibika. "Tunaomba utusaidie vyoo" halijibiki.

Mpelekeeni mkuu wa shule rasimu wiki tatu kabla, si siku mbili. Atakata baadhi ya mambo, na mara nyingi ana sababu: ahadi ambayo tayari inashughulikiwa, au deni ambalo bodi inalijadili. Msibishane kwa hisia. Mwonyesheni rejista na hesabu. Lawama kwa mwalimu mmoja mmoja haina nafasi katika risala, kwa kuwa anayelaumiwa hana dakika ya kujibu. Malalamiko ya kweli yana njia yake, kupitia mwalimu wa malezi au bodi.

Lugha? Sekondari tunafundishwa kwa Kiingereza, na shule nyingi husoma risala kwa Kiingereza ili kuonyesha uwezo. Tunashauri Kiswahili bila kusita. Bibi aliyeuza kuku kununua sare ana haki ya kuelewa kilichotokea na sare hiyo.

Msomaji achaguliwe kwa sauti na utulivu, akiwa na wa akiba. Afanye mazoezi mara tatu, moja kati ya hizo nje kwa spika zenyewe, kwa sababu uwanjani sauti hurudi na anayesoma haraka hujikanyaga. Karatasi zichapwe upande mmoja tu, zipewe namba, na sentensi isikatwe kati ya ukurasa na ukurasa. Toeni nakala nne zilizosainiwa: ya mgeni rasmi kwenye bahasha, ya mkuu wa shule, ya mwenyekiti wa bodi na ya maktaba.

Kama darasa lina uwezo, risala iingie kwenye kijitabu cha A5. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, la sivyo stashenari watawaachia kurasa tupu. Kwa wahitimu 125, picha 8 kwa ukurasa huchukua kurasa 16. Ongeza 2 za walimu na wafanyakazi, 3 za risala, 4 za matukio, 1 ya takwimu, 1 ya viongozi na 1 ya sahihi: jumla 28, yaani karatasi 7 za A4 zilizokunjwa, mbali na jalada. Picha zipigwe kivulini mbele ya ukuta mmoja, kila mtu asimame kwenye alama ile ile. Zikitumwa kwa WhatsApp zitumwe kama faili, maana zikitumwa kama picha za kawaida hupungua ubora na uso hutoka na ukungu zikichapwa. Kila mhitimu ahakiki jina lake kwa kusaini orodha. Chapeni nakala moja ya mfano kabla ya zote. Mchango upitie kwa mkuu wa shule na uwe wa hiari, na asiyeweza kutoa picha yake iwemo vilevile.

Siku ya sherehe, mtu mmoja wa kamati akae karibu na meza kuu na daftari. Aandike kila ahadi ya mgeni rasmi: nini, kiasi gani, lini. Jioni hiyo hiyo daftari likabidhiwe kwa makamu mkuu wa shule, na nakala kwa kiranja wa taaluma wa kidato cha tatu, ambaye Januari atakuwa bado yupo shuleni kulifuatilia.