Wadogo zangu watafsiri, "table" si meza tu

Wiki hii nimepitia rasimu nne za wageni wa kazi. Katika tatu, kitenzi "table" kimekuwa "kuwasilisha mezani" moja kwa moja. Nawapenda, lakini hapana.

1. Jueni neno lilikotoka. Ni tabula ya Kilatini, yaani ubao. Kiingereza kikalifanya meza, kisha kitenzi cha kuweka hati mezani. Kwa Mwingereza, hati iliyofika mezani ianze kujadiliwa. Kwa Mmarekani, imewekwa kando. Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, hoja ya "to table" ikipita, jambo limekufa. Bunge letu Tanzania lilirithi mtindo wa Uingereza, ndiyo maana Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ina "Hati Zilizowasilishwa Mezani", na mikono yetu imezoea.

2. Muulizeni mteja ni wa wapi. Mstari mmoja wa barua pepe unatosha.

3. Mimi sikuuliza. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa muhtasari wa kikao cha bodi ya shirika moja la Marekani, kurasa sita, zinatakiwa kesho asubuhi. Bodi ilikuwa ime-"table" ombi la pampu ya maji la kikundi cha akina mama. Nikaandika "imewasilisha mezani ombi". Nikaona haisomeki, nikainyoosha: "imelipokea ombi na italijadili". Kule kunyoosha ndiko kulikoharibu, maana sasa hata mtu makini asingeshtuka. Akina mama wakasoma, wakachangishana, wakamlipa fundi achimbe msingi wa tangi. Baada ya miezi miwili mratibu akanipigia simu. Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Mwenyekiti wao hakunigombeza. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha shimo limejaa maji ya mvua, bata wanaogelea. Akasema, "Mwanangu, sisi tulifuata ulichoandika." Nilishindwa kumtazama usoni. Pale palitakiwa maneno mawili tu: "imeliweka kando".

4. Wakubwa nao waliteleza hapa. Churchill alieleza katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka ku-"table" waraka kwa sababu ni wa haraka, wenzao Wamarekani wakakataa kwa sababu hiyohiyo. Walibishana sana, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kuwa wanataka kitu kimoja. Lakini wao walikuwa chumba kimoja. Msomaji wenu hayumo chumbani.

5. "Sanction" nayo muiangalie: kuna siku ni kuidhinisha, kuna siku ni kuwekea vikwazo.

Rasimu nimezirudisha. Mbili kati ya zile tatu ni za wateja wa Washington, zirekebishwe kabla ya Ijumaa. Ya tatu ni ya London na iko sahihi, ila mwenye kazi anipigie aniambie alijuaje.