Kupanga vitufe vya kuongozea laivu: yaliyonikuta na ninavyopanga sasa

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema umepata kifaa cha vitufe 15, ukavijaza vyote siku hiyo hiyo, na sasa ukiwa laivu mkono unasita. Unabonyeza hiki kinatokea kile, mchezo unapokea amri ulizokusudia ziende OBS (programu ya kurushia matangazo), na juzi maiki ilibaki wazi bila wewe kujua. Yote matatu yamenipata. Nitakujibu kwa kirefu, maana majibu ya mistari miwili ndiyo yaliyonipotezea muda mwingi nilipoanza.

Nianze na maiki, kwa sababu hiyo ndiyo inayoumiza.

Kitufe changu cha "Mapumziko" nilikuwa nimekipa kazi tatu kwa mpigo: badili sini (yaani mpangilio wa picha na sauti unaoenda hewani), washa muziki, geuza maiki. Shika neno hilo, geuza. Maiki ikiwa wazi inafungwa, ikiwa imefungwa inafunguka. Jioni moja nilikuwa na kikohozi, kwa hiyo kila koo likinikereketa nafunga maiki, nakohoa, nafungua. Katikati ya hapo simu ikaita, dada yangu. Nikabonyeza Mapumziko nikapokea, sikukumbuka kwamba maiki tayari nilikuwa nimeifunga. Kitufe kikafanya kile kile nilichokifundisha: kikaifungua. Dada alikuwa ananieleza majibu ya vipimo vya mama. Kwa dakika saba watazamaji walisikia upande wangu wote wa mazungumzo, kila swali nililouliza, mpaka nilipoinua macho nikakuta mtu ameandika kwenye gumzo: "Maiki iko wazi, tunakusikia. Pole sana." Sikurudi hewani usiku ule.

Tangu siku hiyo, kitufe changu chochote chenye kazi zaidi ya moja hakigeuzi kitu. Kinaambiwa hali ninayotaka ibaki baada ya kukibonyeza: maiki imefungwa, sini ni ya mapumziko, muziki unalia. Nikikibonyeza mara tano mfululizo matokeo ni yale yale. Kitufe cha kugeuza nimekibakiza kimoja tu, cha maiki peke yake, na hicho rangi yake hubadilika kufuata hali halisi iliyomo ndani ya OBS. Pitia vitufe vyako vyote leo, na popote utakapokuta mfululizo wenye kugeuza ndani yake, vunja uupange upya.

Ila kuna kinga bora kuliko hiyo, nayo haihitaji kitufe kabisa. Watu wengi huiweka maiki kwenye mipangilio ya sauti ya OBS, na ikikaa pale inasikika kwenye kila sini, hata ile ya mapumziko. Itoe pale. Iongeze kama chanzo, yaani kitu kinacholeta picha au sauti, ndani ya zile sini tu ambazo unazungumza. Ukihamia sini ya mapumziko, maiki haimo, kwa hiyo haisikiki, iwe umebonyeza kitufe gani au umesahau kipi. Angalizo: unapoiongeza kwenye sini ya pili na ya tatu, chagua kile chanzo kilichopo tayari, usiunde kipya. Ukiunda kipya utakuwa na maiki mbili ndani ya OBS zenye majina yanayofanana, kitufe chako kitafunga moja na nyingine itaendelea kunasa. Na ukiiacha pia kule kwenye mipangilio ya jumla, sauti yako itatoka mara mbili kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Sasa hili la mchezo kupokea amri za OBS. Linatokana na namna ulivyounganisha. Kifaa cha namna hii kinaweza kuzungumza na OBS kwa njia mbili. Ya kwanza, kinajifanya kibodi: unabonyeza kitufe, kompyuta inaona kama umegonga, tuseme, Ctrl na F5, na programu yoyote iliyo mbele inaiona amri hiyo. Ya pili, programu ya kifaa inaongea na OBS moja kwa moja kupitia WebSocket, njia ya programu mbili kupeana taarifa, na mchezo haujui kama kuna kilichopita. Tumia ya pili kila inapowezekana. Tangu OBS 28, iliyotoka 2022, seva ya WebSocket imo ndani ya OBS yenyewe, huhitaji kupakua nyongeza. Ingia menyu ya Tools, fungua mipangilio ya WebSocket, iwashe, na nywila iliyomo iache iwepo. Poti yake ya kawaida ni 4455. Ukikutana na maelezo yanayotaja 4444, hayo ni ya toleo la zamani, na ukiyafuata utashinda unatafuta kosa ambalo halipo.

Faida yake kwangu si tu kuepusha mgongano. Kibodi hutuma amri na haijui kilichofuata. Kwa WebSocket, OBS hurudisha taarifa. Nikibadili sini kwa kipanya, kitufe cha sini hiyo kinawaka chenyewe. Maiki ikifungwa kutoka popote, kitufe kinaonyesha imefungwa. Unapoongoza matangazo peke yako, taarifa hiyo ni sawa na kuwa na mtu wa pili chumbani.

Kama kifaa chako au programu nyingine unayotumia inakubali kibodi tu, basi tumia F13 mpaka F24. Windows inazitambua, lakini kibodi nyingi hazina vitufe hivyo, kwa hiyo ni nadra sana mchezo kuvigusa. Ni 12, na ukichanganya na Ctrl au Shift unapata nyingi kuliko utakazotumia. Kuziingiza OBS nako kuna ufundi wake, kwa vile huna pa kuzigonga: mpe kitufe cha kifaa F13 kwanza, kisha nenda kwenye mikato ya kibodi ya OBS, bofya kisanduku unachotaka kukijaza, halafu bonyeza kitufe cha kifaa. OBS itaiandika yenyewe. Na ukiona mikato inafanya kazi kwenye eneo-kazi lakini inakufa ukifungua mchezo fulani, angalia kama mchezo huo umefunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi na OBS haikufunguliwa hivyo. Windows huzuia programu ya ruhusa ndogo kusikia vitufe vinavyogongwa kwenye dirisha la ruhusa kubwa. Hili lilinila wikendi nzima nikidhani kifaa kimeharibika.

Mpangilio sasa. Futa kila kitu, mkuu. Najua inauma kufuta kazi ya siku nzima, lakini futa. Kisha rusha matangazo mawili ukitumia kipanya tu, karatasi iwe pembeni, na kila ukigusa kompyuta kwa jambo lisilo mchezo wenyewe, chora kistari. Mimi baada ya matangazo mawili nilikuta kufunga na kufungua maiki kumechukua zaidi ya nusu ya vistari vyote, kubadili kati ya sini mbili kumechukua karibu nusu iliyobaki, halafu vitu vingine sita hivi kimoja kimoja. Vile vya milio ya vichekesho nilivyokuwa nimevipa vitufe saba havikuwa na kistari hata kimoja.

Kwa hiyo nilianza na vitufe vitano. Maiki niliiweka kwenye kona ya chini, upande ulio karibu na mkono unaoshika kibodi, kwa sababu kona unaipata kwa kupapasa. Kidole kinahisi kingo mbili za kifaa kikajua kimefika. Sini kuu mbili zikakaa pembeni yake kwenye safu hiyo hiyo ya chini. Mapumziko kona ya pili. Kitufe cha tano, kuweka alama ya tukio la kukumbuka, juu ya maiki. Katikati nikapaacha patupu kwa wiki tatu. Kitufe kitupu kina kazi yake: kidole kikikosea kikaangukia hapo, hakuna kinachoharibika. Kingine niliongeza pale tu nilipojikuta natafuta kitu kilekile kwa kipanya siku mbili tofauti.

Kuacha kurusha kusikae kwenye ukurasa wa mbele. Kwangu kumo ndani ya folda, safu ya juu, mbali na kila ninachokitumia. Mibonyezo miwili ya makusudi. Usitegemee kile kidirisha cha OBS kinachouliza kama una uhakika, maana amri inayokuja kutoka kwenye kifaa inaweza kupita bila kukiamsha.

Kuhusu picha za vitufe sina mengi. Kifaa cha vitufe kinachoitwa Stream Deck, kile cha vitufe 15, kina kioo kimoja kipana chini ya vitufe vyote, na kila kitufe kinapata kipande chake cha pikseli 72 kwa 72. Maandishi marefu hapo hayasomeki kutoka umbali wa mkono. Neno moja fupi au alama moja nene inatosha. Usitofautishe wazi na fungwa kwa kijani na nyekundu peke yake, kwa sababu rangi hizo kuna macho yasiyozitenganisha, na hata macho mazima kwenye chumba chenye giza hukosea. Maiki yangu ikifungwa, picha inapigwa mstari mnene wa mshazari na mandharinyuma inageuka nyeupe. Naiona bila kuiangalia.

Kuna jambo la kusubirisha ambalo wengi hulisahau kwenye mifululizo. Amri zinatoka kwa kasi kuliko OBS inavyomaliza kazi. Kitufe changu cha kuagana kilikuwa kinaleta sini ya kwaheri kisha kinaacha kurusha, na ikawa watazamaji hawaioni kwaheri, picha inakatika nikiwa bado nimefungua mdomo. Mpito wa kawaida wa kufifia ndani ya OBS unachukua milisekunde 300, na hapo bado hujampa mtu muda wa kusoma jina la ukurasa wako. Sasa nimeweka kusubiri sekunde 12 katikati. Unapoweka muda wa kusubiri, angalia kama programu yako inahesabu kwa sekunde au kwa milisekunde, kwa sababu 12 za milisekunde ni sawa na hujaweka kitu.

Waya: chomeka kwenye USB ya kompyuta yenyewe. Kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, kikiwa kimebeba kamera na maiki pia, kiliwahi kunizimia kifaa katikati ya mahojiano. Weka pia mikato ya kibodi ya F13 au hata ya kawaida kwa yale mambo mawili makubwa, maiki na mapumziko, ili kifaa kikizima usibaki umekodoa macho.

Usibadilishe majina ya sini ovyo baada ya kupanga. Niliwahi kurekebisha tahajia ya sini moja, herufi mbili tu, na kitufe chake kikaendelea kuita jina la zamani ambalo halipo tena. Mkusanyiko wa sini wa OBS na profaili ya vitufe ni nusu mbili za kitu kimoja, kwa hiyo nikihifadhi nakala nahifadhi zote mbili siku moja, kwenye folda moja yenye tarehe. Ukirudisha nusu moja bila mwenzake, utapata vitufe vinavyoita vyanzo visivyokuwepo.

Yule aliyeuliza hapo chini yako kama lazima anunue kifaa: hapana. Simu ya zamani yenye programu ya vitufe kama Touch Portal inafanya karibu yote niliyoeleza, kasoro yake ni kwamba kioo bapa hakipapasiki, lazima utazame. Kwa anayejua kuchomea waya, kidude kidogo chenye chipu ya ATmega32U4 kinatambulika na kompyuta kama kibodi, na unaweza kukiunganishia vitufe vyako mwenyewe na kuvipa F13 mpaka F24. Nilitumia hicho karibu mwaka mzima na hakikuniangusha. Hakina picha wala hakirudishi taarifa, ndiyo maana kwenye kidude hicho maiki niliiondoa kabisa kwenye mipangilio ya jumla.

Mwisho, majaribio. Usirushe, rekodi tu, dakika 15. Vaa vifaa vya masikioni, ongea kama kawaida, na fanya makosa kwa makusudi: bonyeza Mapumziko mara mbili, bonyeza Mapumziko ukiwa umefunga maiki, badili sini wakati mpito haujaisha, chomoa waya ukauchomeke tena. Kisha tazama rekodi yote tangu mwanzo, na sikiliza hasa sehemu za mapumziko sauti ikiwa juu. Ukisikia kiti kikilia au pumzi yako, kuna maiki mahali haijafungwa.

Fanya hivyo kisha uweke hapa picha ya safu yako ya chini na orodha ya vyanzo vya sauti kwenye sini ya mapumziko. Nitaiangalia leo usiku.